Fishi Iliyokaa Siku Tisa



Mama mmoja wa shirika letu alitujia jioni moja akitaka mtoto wake wa nne aandikwe katika daftari la ubatizo. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Kama wafanyavyo akina mama wengi wa Masisi ambao wamekwisha kukimbia zaidi ya mara moja, alibeba karatasi zote za nyumba yake katika mfuko mmoja wa plastiki uliofungwa fundo: kadi ya uchaguzi, bulletini za shule za watoto, karatasi aliyopewa kambini wakati wa ukimbizi, na fishi yake ya CPN. Tulikuwa tukitafuta tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Mkono ukaangukia fishi ile, nasi kwa mazoea ya mwalimu, ambaye hawezi kuiacha karatasi bila kuisoma, tukaisoma.

Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa haraka. Shinikizo la damu 16/10. Albumini katika mkojo, alama mbili za kujumlisha. Miguu na mikono imevimba. Na chini kabisa, maneno mawili yaliyopigwa mstari: à référer. Yaani, mgonjwa apelekwe hospitali kuu. Tarehe ya maandishi hayo ilikuwa ya siku tisa nyuma.

"Mama," tulimwuliza, "muuguzi alikuambia nini siku ile?"

"Aliniambia niende, Mwalimu. Nami nikaenda nyumbani."

Hatutaki kumhukumu muuguzi yule. Siku ya CPN foleni huanzia mlangoni ikafika chini ya miti, na mtu mmoja hupima, huandika, hugawa dawa, na tena hutakiwa kuelimisha. Lakini nyumbani mwa mama yule walikuwamo vijana wawili wa shule ya sekondari. Tuliwajua vizuri, kwa maana tuliwafundisha sisi wenyewe. Mkubwa alikuwa mwaka wa tano wa humanités. Aliweza kusimama ubaoni na kuchambua sentensi ya Kifaransa yenye mistari minne, na neno référer lisingemshinda hata kidogo. Kwa siku tisa alilala chini ya paa moja na karatasi ile, hatua chache tu kutoka msumari ulipotundikwa mfuko. Hakuigusa. Hakuna aliyemkataza kuigusa. Alijua tu, kama sisi sote tunavyojua bila kufundishwa, kwamba fishi ya mama ni mambo ya wanawake.

Katika siku saba za kwanza pikipiki zilipita barabarani kama kawaida. Siku ya nane risasi zilisikika upande wa pili wa kilima, na siku ya tisa, tulipoisoma fishi, hapakuwa na mwendesha pikipiki aliyekubali kutoka. Vijana sita walimbeba kwa kipoyi usiku kucha, wakipokezana. Njiani mwili wake ulianza kutetemeka wote, macho yakageuka. Wawili kati ya wabebaji walidhani ni pepo, wakataka arudishwe akaombewe. Wenzao walikataa, wakasonga mbele. Mama aliokoka. Mtoto hakuokoka.

Tumelibeba jambo hili kwa muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa sababu linatugusa sisi walimu na makatekista kuliko linavyomgusa mtu mwingine yeyote. Tulikuwa tumewapa vijana wale lugha, wala hatukuwaambia kamwe kwamba lugha hiyo ina kazi nyumbani mwao. Hilo ndilo neno letu la leo: kijana anayejua kusoma, wa kiume au wa kike, ana wajibu wa kumsomea mama yake na dada yake maandishi ya afya yao, kwa ruhusa yao na kwa kuitunza siri yao, na parokia ina wajibu wa kuyaleta maandishi hayo katika lugha ambazo mama zetu wanazisikia.

Tujue kwanza uzito wa jambo tunalosema. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2013-2014 ulikadiria kwamba nchini mwetu, kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai, wanawake 846 hufa kwa sababu ya mimba au uzazi. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mwanamke mjamzito huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Tunapozungumza juu ya Masisi na Walikale, kwa kawaida tunataja ule wa pili na wa tatu, na tunayo haki. Barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi tunaijua wakati wa mvua. Misitu kati ya Pinga na Walikale tunaijua. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi-centre, na mwezi wa Machi mwaka huohuo vikafika Walikale-centre. Mwenye mimba hakuchagua miezi hiyo. Lakini ucheleweshaji wa kwanza huanzia ndani ya nyumba, kabla ya barabara, kabla ya kizuizi, kabla ya deni la hospitali. Na huo wa kwanza ndio unaoula muda ambao barabara ingali wazi.

Mtu atatuambia: kusoma kutafaa nini pasipo na gari la wagonjwa? Tulijiuliza swali hilohilo usiku wa kipoyi. Jibu letu ni zile siku saba za pikipiki. Kwa ugonjwa wa mama yule, ambao madaktari huuita priklampsia, na ukifikia degedege huitwa eklampsia, ipo dawa ya hospitali, salfeti ya magnesia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupatwa na degedege. Dawa hiyo haiwezi kumfikia mtu ambaye fishi yake imetundikwa msumarini. Huko Masisi-centre, hospitali kuu imesaidiwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka tangu mwaka 2007, na karibu nayo yaliwekwa makao ambamo wajawazito wenye hatari wanaotoka mbali huweza kungojea siku zao. Mahali pa kungojea palikuwapo; mama yetu hakujua kwamba alikuwa miongoni mwa wale ambao makao hayo yaliwekwa kwa ajili yao.

Hapa tunataka kukaa kidogo juu ya maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu.

Wengi hudhani kwamba tatizo litakwisha siku ambayo karatasi za Kifaransa zitaandikwa kwa Kiswahili. Si rahisi hivyo. Chukueni neno tension. Limekwisha kuingia katika mazungumzo yetu ya kila siku, lakini limeingia likiwa na maana nyingine: mtu mwenye tension, kwa wengi wetu, ni mtu aliyeudhiwa. Mama akiambiwa kwamba tension yake imepanda, hurudi nyumbani akamsamehe mume wake, akaona amekwisha kutibiwa. Mwambieni kwamba ana upungufu wa damu, na jamaa zake watamnunulia chupa ya soda nyekundu, kwa kuwa rangi yake inafanana na damu. Vidonge vya chuma vyenye asidi ya foliki, ambavyo vingemsaidia kweli, huachwa nusu ya njia, kwa sababu choo kimekuwa cheusi na hakuna aliyemtangulia kumwambia kwamba vidonge hivyo hufanya choo kuwa cheusi na kwamba si neno. Wengine huviacha wakiogopa kwamba vitamkuza mtoto tumboni ashindwe kutoka. Sentensi moja ya mkunga, iliyosemwa kwa lugha inayosikika na kurudiwa nyumbani, ingeviokoa vidonge vya mwezi mzima.

Hata tafsiri nzuri inaweza kudhuru. Katika Kiswahili cha vitabu, ugonjwa wa mama yule huitwa kifafa cha mimba. Tulilipenda jina hilo mpaka tulipolitumia mbele ya wazee wa kike wa shirika. Waliposikia kifafa tu, nyuso zilibadilika; kwao kifafa ni ugonjwa wa ukoo, au wa kutupiwa, na anayeugua haguswi anapoanguka. Tukaelewa ni kwa nini wabebaji wawili walitaka kurudi. Tangu siku hiyo tunasema kwa urefu: ugonjwa wa mimba unaopandisha nguvu ya damu, unaoanza kwa kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, na mwisho mwili kukakamaa. Ni maneno mengi, lakini kila mmoja huyaelewa, na mama mwenyewe huweza kujipima kwayo alfajiri kabla ya kwenda shambani. Tunapendelea maneno kumi yanayoeleweka kuliko moja la kitaalamu linalopendeza ukutani.

Na tukitaja ukuta: tumeona katika vituo vya afya mabango mazuri, yenye rangi na picha ya mama anayetabasamu, na chini yake sentensi ndefu ya Kifaransa. Mama wa Kihunde anayetoka Nyabiondo, mama wa Kinyanga anayetoka vijiji vya Walikale, na mama wa Kinyarwanda wa milima ya malisho hukaa chini ya bango hilohilo asubuhi nzima. Wote watatu hutoka na kile walichoingia nacho.

Kuna habari nyingine ambazo hata bango hazina, na hizo ndizo zinazofichwa zaidi. Fistula ya uzazi ni mojawapo. Uchungu unapodumu siku mbili au tatu na mtoto amekwama, kichwa chake hukandamiza nyama zilizo kati ya njia ya uzazi na kibofu, wakati mwingine na njia ya haja kubwa. Nyama hizo hufa, tundu hubaki, na mkojo hutoka bila kuzuilika. Wasichana ambao mwili wao haujakomaa wako katika hatari kubwa zaidi, na hapa tunasema nanyi, mlio na wenzenu walioolewa wakiwa na miaka kumi na mitano. Fistula nyingi huzibwa kwa upasuaji. Unafanyika Goma katika hospitali ya HEAL Africa, na Bukavu katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, yuleyule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Watu humjua kwa kuwatibu wanawake waliotendewa ukatili. Wachache hukumbuka kwamba njia yake ilianzia Lemera, akiwa daktari kijana, alipoona wanawake wakifikishwa kwake wakiwa wamechelewa mno katika uzazi, ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea tiba ya wanawake. Tarehe 23 Mei ya kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kukomesha fistula. Katika parokia nyingi hupita kama siku nyingine yoyote, na mwanamke mwenye fistula hukaa benchi la nyuma kabisa, au hukaa nje, au haji.

Vivyo hivyo kizazi kushuka. Nyote mmeona mama zenu wakipanda kutoka sokoni, mzigo wa viazi au makala mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Wanawake waliozaa mara nyingi na kubeba hivyo miaka yote hufika siku wakahisi kitu kinateremka. Hawasemi. Hufunga kitambaa, huendelea kubeba. Kijana asiyejua jambo hili huona tu kwamba mama amekuwa mvivu, naye humjibu vibaya. Akilijua, atamtua mzigo.

Sasa tuseme na juu ya kukoma hedhi, ambako hata sisi wazee tulikuwa wajinga kuliko ninyi. Mama wa watoto wetu alipofikia miaka arobaini na minane alianza kuamka usiku akiwa amelowa jasho, moto kifuani, usingizi umemtoka. Tulisema: malaria. Tulimnunulia dawa za malaria mara nne katika mwaka mmoja, bila kipimo, tukisifu upendo wetu wa ndoa. Mara ya tano mtawa muuguzi alituuliza sisi sote wawili umri wake, akacheka kwa upole, akaeleza. Kwa wanawake walio wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Husemwa kwamba imekoma kabisa baada ya miezi kumi na miwili bila damu. Joto la ghafla, jasho la usiku, moyo kwenda mbio, uchungu wa moyo usio na sababu, vyote vinaweza kuandamana na badiliko hilo, wala si ugonjwa, wala si uchawi, wala si dalili kwamba mwanamke amekwisha. Tulitembea kurudi nyumbani tukiwa kimya. Tulikuwa tumefundisha semina za ndoa kwa miaka kumi na tisa.

Lakini alituongezea neno moja ambalo tunataka mlishike kuliko yote ya sehemu hii. Damu ikirudi baada ya mwaka mmoja wa ukimya, hata tone, hata mara moja, mwanamke aende akapimwe. Katika vijiji vyetu mjane anayetokwa na damu husifiwa kwamba ujana umemrudia, au husengenywa, au huambiwa kwamba marehemu mume wake anamdai. Inaweza kuwa jambo dogo linalotibika upesi. Inaweza pia kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi. Hiyo ya mlango wa kizazi karibu kila mara hutokana na kirusi kiitwacho HPV, nayo huchukua miaka mingi kukomaa. Kwa hiyo ipo nafasi ndefu ya kuigundua mapema. Kipimo kimoja hutumia asidi ya siki: mkunga au daktari aliyefunzwa huipaka mlango wa kizazi, na sehemu isiyo salama hugeuka nyeupe. Jambo rahisi kama hilo, na bado wengi huja wakati maumivu yamekwisha kufika mgongoni.

Watakuwapo watakaotuambia kwamba mambo haya hayafai ukurasa wa tafakari, hasa mbele ya vijana. Tunawaheshimu, lakini tunawaomba wamkumbuke yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Wainjili hawakuona haya kuutaja ugonjwa wake kwa jina, na Marko hakuficha kwamba waganga wengi walikuwa wamekula mali yake yote bila kumponya. Alikuja kwa nyuma, akijificha katika msongamano. Bwana hakumwacha arudi kwa siri kama alivyokuja. Alimtafuta kwa macho, akamsikiliza mbele ya watu, akamwita binti.

Na wamkumbuke Mtakatifu Gianna Beretta Molla, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2004. Tumezoea kusimulia sadaka yake: mwaka 1961, akiwa na mimba ya mtoto wa nne, aligunduliwa kuwa na uvimbe katika kizazi, akaomba upasuaji usiomdhuru mtoto, mtoto alizaliwa tarehe 21 Aprili 1962, na mama akafa siku saba baadaye kwa maambukizi ya tumbo. Mara chache tunaongeza kwamba alikuwa daktari. Alijua jina la uvimbe wake, alijua ulipo, alijua hatari ya kila njia iliyokuwa mbele yake, akachagua akiwa na macho wazi. Fibroma kama ile wanayo wanawake wengi wa milima yetu. Wao huambiwa wamefungwa tumbo na mke mwenza au na shangazi wa mume. Haiwezekani kumsifu mtakatifu kwa uamuzi wake, na papo hapo kuwanyima dada zetu ule ujuzi uliouwezesha uamuzi huo.

Lipo pingamizi lingine tunaloliona zito zaidi, na hatuna budi kulijibu polepole. Fishi ya mgonjwa ni siri yake. Ndani yake kuna kipimo cha virusi vya UKIMWI, kipimo cha kaswende, idadi ya mimba zilizotoka; mambo ambayo pengine hata mume hajaambiwa. Kijana anayeisoma na kwenda kuyatapika kwenye mazoezi ya kwaya amefanya uovu mkubwa kuliko yule asiyesoma kabisa. Kwa hiyo tunasema: huombi kuisoma, unajitolea, kisha unangoja. "Mama, ukitaka nikusomee karatasi yako ya leo, nipo." Akikataa, umemheshimu, na mlango umebaki wazi. Akikubali, msomee yote, hata lile usilolielewa, na usilolielewa usilibuni. Mwambie: hapa sijui, tumwulize mkunga. Sisi wenyewe, tulioisoma fishi ya jirani bila kuulizwa tukitafuta tarehe, tulitenda kosa ambalo kwa bahati lilizaa jema; msituige katika hilo.

Msijifanye madaktari pia. Kuna vijana ambao wakijua majina matatu ya dawa huanza kuandika dawa. Na kuna dawa za majani za kuharakisha uchungu, ambazo bibi zetu huzitoa kwa nia njema. Baadhi yake hukaza kizazi kwa nguvu zisizopimika, na kizazi chaweza kupasuka. Mwambieni bibi hivyo kwa heshima yote, tena mkiwa mmekaa chini. Kazi ya msomaji ni kulifikisha neno la muuguzi mpaka mwisho wake, hasa yale ya hatari: damu yoyote wakati wa mimba, kichwa kuuma sana pamoja na ukungu wa macho, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji kuvunjika kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa hayo mtu haongojei tarehe ya CPN ijayo, wala Jumapili, wala ruhusa ya mjomba.

Na CPN yenyewe: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Wengi wetu tulikariri hesabu ya zamani, mara nne. Mama anayetembea saa tano kwenda na saa tano kurudi atatucheka tukimtajia nane. Basi na aende mara anazoweza, lakini kila safari arudi na neno lililosomwa. Dawa za kuzuia malaria, ambazo hupewa kuanzia mwezi wa nne, si chini ya mara tatu, mwezi kwa mwezi, chandarua, chanjo ya pepopunda, kila kimoja kina mstari wake katika fishi, na mstari mtupu ni swali la kumwuliza muuguzi.

Katika parokia yetu kundi dogo la vijana limeanza kazi. Ni wasichana saba na wavulana wanne. Mmoja wa wavulana hao ni yule mkubwa wa nyumba ya mfuko wa plastiki, aliyekuja bila kuitwa, wala hatujamwuliza kwa nini. Mkunga mmoja huja mara moja kwa mwezi baada ya misa ya pili, na reko wawili wa kijiji hukaa nao. Wameandika kurasa nne kwa Kiswahili: dalili za hatari, vidonge na matokeo yake, siku arobaini baada ya kuzaa, na kukoma hedhi. Ukurasa wa mwisho ulichekwa sana kwaya iliposikia, mpaka mwenyekiti wa akina mama Wakatoliki aliposimama akasema kwamba yeye ndiye atakayeusoma kwanza. Msichana mmoja anachora picha kwa ajili ya wasiosoma. Ya Kihunde imekamilika, na ya Kinyarwanda imo mikononi mwa wazee wawili wanaoisahihisha.

Ya Kinyanga imekwama. Bibi watatu kutoka upande wa Walikale wanabishana juu ya namna ya kusema nguvu ya damu bila kusema hasira, na hakuna anayemkubalia mwenzake. Tutarudi kwao Alhamisi baada ya CPN, tukiwa na karatasi na kalamu, na sukari kidogo kwa ajili ya chai.